Siku Nilipomtafsiri Dada wa Bibi Harusi

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane. Yule mtu ambaye watu wa Bunda mpaka leo wanamsimulia, kwamba alishika maiki kwenye harusi akamtangaza dada wa bibi harusi kuwa ni mfanyakazi wa ndani, tena akarudia kwa sauti kubwa zaidi akidhani hawajamsikia, ni mimi. Sio rafiki yangu, sio jirani yangu wa Nyasura, sio habari niliyoipata kwa watu. Ni mimi Magesa, na suti nilikuwa nimevaa.

Mnanijua na mdomo wangu. Kazi yangu ni kunadi ng'ombe mnadani, mwaka wa kumi na moja sasa, na ng'ombe hanadiwi kwa kusema huyu ni ng'ombe, nani anamtaka. Lazima umwongezee. Unasema mama yake alikuwa anajaza ndoo kwa mkamuo mmoja, unasema ametoka Butiama kwa mzee asiyeuzaga mifugo ovyo, unasema tazameni hiyo nundu, na mengine unayatunga hapo hapo huku unamwangalia mnunuzi usoni, wala hakuna anayekudai ushahidi. Mimi nilishazoea hivyo. Na Kiingereza nilikuwa najihesabu kuwa ninacho, kwa sababu kabla ya mnada nilifanyaga kazi miezi minane kwenye kambi moja ya watalii, nikiosha magari yao, na pale Kiingereza nilikisikia kuanzia asubuhi mpaka jioni, nikarudi nyumbani nikiwa najibu "no problem" hata kwa bibi yangu aliyeniuliza tu kama nimekula.

Basi Bwire, mtoto wa baba yangu mdogo, alikuwa anaoa. Bibi harusi, Nyangeta, ni mtu wa Murangi, kule ziwani, amesoma mpaka chuo na sasa anafanya kazi kwenye duka la dawa Mwanza. Binti mwenye adabu zake, ukoo wote tulikuwa tunajivuna naye kabla hata hajafika. Kamati ilikuwa imeshampata MC kutoka Musoma, mtu wa kazi hiyo haswa, mwenye koti la kung'aa na spika zake mwenyewe. Sasa asubuhi ya harusi, saa moja, spika zikafika kwenye gari bila mwenyewe, na yeye akapiga simu, na kilichosikika kwenye simu ni upepo mtupu. Koo limefunga. Mwenyekiti wa kamati, Mama Sabina, alikaa na simu sikioni dakika nzima akidhani ni mtandao.

Alinikuta nyumbani nanyoa ndevu.

"Magesa, wewe una sauti."

"Ninayo, mama."

"Leo utakuwa MC."

Sikumuuliza hata swali. Nilifuta povu, nikavaa suti, nikamfuata. (Mke wangu aliniambia nichukue muda nifikirie kwanza, na mimi nikamwambia kunadi ng'ombe mia kwa siku na kutangaza keki moja kipi kigumu.)

Mama Sabina akanipa ratiba. Nyangeta aliiandaa mwenyewe, akaichapisha Mwanza kwenye kadi ngumu yenye maua pembeni, na yote ilikuwa Kiingereza, kwa sababu kulikuwa na wageni wa kazini kwake ambao wamezoea mambo hayo. Mama Sabina akaniangalia ninavyoisoma.

"Haya maneno unayajua yote? Maana Nyangeta yuko saluni hapo ng'ambo ya barabara, anapambwa. Twende dakika mbili akupitishe."

Hapo ndipo penyewe. Nikirudishwa leo kwenye siku ile sitaki kurudishwa kwingine, nataka nirudishwe hapo tu, nivuke ile barabara, haikuwa hata na magari. Lakini nilimtazama Mama Sabina kama amenitukana.

"Mama Sabina, mimi nimeishi na wazungu."

Akaniachia kadi. Mimi nikakaa kwenye kiti nikaipitia ratiba kwa kidole. Kuingia kwa maharusi, naelewa. Sala, naelewa. Keki, nani asiyeelewa keki. Kipengele cha saba kiliandikwa hivi: "Maid of Honour: Nyakwesi." Nikasimama hapo kidogo. Kwa harusi zetu nilikuwa nimezoea kusikia matroni, na wale wasichana wa sare tunawaita wapambe. Ila hilo neno "maid" nililijua vizuri mno, kwa sababu kule kambini "maid" walikuwa ni wale akina mama wanaotandika vitanda vya watalii na kufua mashuka, na "honour" ni heshima, kila mtu anajua. Nikaunganisha. Mfanyakazi wa ndani wa heshima. Na wallahi nilifurahi, nikasema moyoni kumbe hawa watu wa Murangi wana utu, wamemleta dada wao wa kazi na wakampa kipengele chake kwenye ratiba.

Na kanisani nikapata uhakika. Wasimamizi wa ndoa walikuwa mtu na mkewe, watu wazima, wamekaa pale mbele kama inavyotakiwa. Lakini nyuma ya Nyangeta kulikuwa na mwanamke mwingine, mkubwa kuliko wale wapambe, gauni la kijani, na kazi yote alikuwa anafanya yeye: anainua shela, anamfuta bibi harusi jasho, ameshika chupa ya maji, ameshika mkoba wa bibi harusi, viatu vya kubadilisha amevibana kwapani. Viganja vyake niliviona aliponipita mlangoni, vigumu, viganja vya mtu wa kazi. Nikasema huyo ndiye.

Ukumbini tulianza saa nane mchana, kwa sababu wageni wa Murangi walikuwa na safari ya kurudi na barabara ya kupitia Bugwema ilikuwa na tope. Na niwaambie ukweli, saa nzima ya kwanza nilikuwa naupiga mwingi. Kila kipengele nilikitaja kwa Kiingereza halafu nakigeuza Kiswahili ili wazee waelewe, na natia chumvi kidogo, na watu wanacheka panapotakiwa kuchekwa. Mzee mmoja wa upande wetu alinishika mkono nikipita akaniambia Magesa, kumbe tulikuwa tunakupoteza bure kwenye mavi ya ng'ombe. Bwire pale mbele alikuwa ananionyesha kidole gumba. Nikaanza hata kufikiria kununua koti la kung'aa.

Tukafika cha saba.

"Ndugu wageni," nikasema, "sasa tumefika mahali pa pekee. Wenzetu wa Murangi wametufundisha kitu. Sisi huku siku ya sherehe dada wa kazi tunamwachia masufuria. Wenzetu wamekuja naye, wamemvalisha, wamempa na kiti cha mbele. Naomba asimame mfanyakazi wa ndani wa heshima wa bibi harusi, dada wa kazi, Nyakwesi."

Upande wetu wakaangua kicheko. Ule upande mwingine, meza sita za watu wa Murangi, kimya. Nyakwesi alikuwa ameshaanza kusimama na karatasi mkononi, akabaki katikati, hajasimama hajakaa. Na mimi (hapa ndipo ujinga wangu ulipokomaa) nikaamua kwamba ule upande hawakusikia, spika ya kule ina tatizo. Nikasogea katikati ya ukumbi, nikapandisha sauti, ile sauti yangu ya mnadani.

"Nasema hivi, dada wa kazi. Huyu ndiye aliyefua, huyu ndiye aliyepika. Bibi harusi wetu alipokuwa amelala kitandani, huyu alikuwa jikoni kwenye mkeka, anangoja alfajiri achemshe chai. Dada Nyakwesi, leo pumzika. Leo vyombo wataosha wengine."

Wetu wakacheka tena, wengine wanapiga meza. Nyakwesi akakaa. Hakukaa kama mtu anayekaa, alijishusha kitini taratibu mpaka akafika, na ile karatasi akaikunja mara mbili, mara nne, akaifunika kwa kiganja.

Kwenye meza za Murangi akainuka mwanamke mmoja mnene, baadaye nilijua ni shangazi yao, akafunga kitenge chake kiunoni.

"Nyie watu," akasema, na hakuhitaji maiki, "mmetuita kutoka kote kule ili mtucheke?"

Nikamwangalia Bwire. Kile kidole gumba hakikuwepo tena. Alikuwa anakuja kwangu karibu anakimbia, suti nyeupe, ua kifuani.

"Kaka, umesema nini?" akaninong'oneza. "Yule ni dada yake. Dada yake wa tumbo moja."

Jamani, hapo ningeitua ile maiki chini. Lakini mtu wa maiki ana ugonjwa wake, anaaminigi kwamba jambo lililoharibika kwa maneno litatengenezwa kwa maneno mengine. Badala ya kuomba radhi nikae, nikaona nioneshe kwamba kosa sio langu, ni la ratiba. Nikatoa simu. Nikafungua ile kamusi ya kwenye simu, nikaandika lile neno la kwanza, na huku maiki nimeibana karibu na mdomo, sijaizima, nikawa nasoma ninachokiona jinsi ninavyokiona.

"Samahani wageni, hili neno hata kamusi inasema... meidi... mwanamwali... mtumishi wa kike... mjakazi."

Mjakazi. Neno la enzi za watumwa, na mimi nimelitoa kwenye spika nne za MC wa Musoma. Safari hii hata upande wetu hakuna aliyecheka. Watu wa Murangi wakaanza kusimama, meza moja baada ya nyingine, unasikia viti tu vinaburuzwa sakafuni. Baba wa bibi harusi, Mzee Mafuru, mrefu, mwembamba, na fimbo yake, akatembea moja kwa moja kwenda mlangoni.

Nyangeta akaja akaninyang'anya maiki. Mascara ilikuwa inamtiririka, ila sauti ilikuwa imara.

"Naomba mnisikilize. Hilo neno nimeandika mimi. 'Maid of Honour' sio mtumishi. Ni mwanamke ambaye bibi harusi anamwamini kuliko wanawake wote, anayesimama naye siku ya harusi. Akiwa ameolewa wanamwita matroni. Akiwa hajaolewa wanamwita hivyo nilivyoandika. Dada yangu hajaolewa, ndiyo maana. Neno la zamani tu, 'maid' maana yake binti. Nilitafuta jina la heshima kuliko yote nikampa yeye." Akageuka mlangoni. "Baba."

Mzee hakuwepo tena mlangoni. Alishatoka nje.

Mama Sabina alinipita pembeni na akasema kwa upole kabisa, upole ulioniuma kuliko kofi, "Ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, Magesa."

Nikatoka kumfuata mzee. Sikujua nitamwambia nini, ila nilijua nikibaki mle ndani nitatafuta maiki nyingine.

Lile basi dogo walilokodi lilikuwa limeegeshwa uani, na Mzee Mafuru alikuwa ameshapanda, amekaa kiti cha mbele kabisa, fimbo ameilaza magotini. Dereva alikuwa bado anakula, akaitwa, akaja na sahani mkononi akasimama hajui afanye nini. Mimi nikasimama chini pale mlangoni.

"Shikamoo mzee."

Hakuitika. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Nani wa Murangi aliyekuambia?"

"Aliyeniambia nini, mzee?"

"Habari za Nyakwesi. Mwanza. Mpaka ule mkeka wa jikoni ukautaja. Nani alikuambia kwamba alikuwa analala jikoni?"

Nikashika chuma cha mlango. Nikaelewa polepole, kama mtu anayeona gari linakuja na yeye yupo katikati ya daraja. Mambo niliyoyatunga, yale ya kumwongezea ng'ombe sifa, yalikuwa yametokea kweli, kwa mtu huyu huyu, na upande mzima wa ukumbi ulikuwa unayajua isipokuwa sisi tuliokuwa tunacheka.

"Mzee," nikasema, "hakuna aliyeniambia. Nilitunga. Niliona neno la Kiingereza sikulijua, nikaona aibu kuuliza, nikatunga."

"Ulitunga."

"Nilitunga, baba."

Hapo ndipo aliponitazama. Nadhani alikuwa anatafuta usoni kwangu kama nadanganya, na akakuta hakuna kitu, mpumbavu tu amesimama. Akasema, "Miaka ishirini nimelifunika jambo hili. Wewe umelifunua kwa kutokujua." Wala hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma mizani na haamini inachoonyesha.

Nikaanza kumwahidi mbuzi. Nikasema nitaleta mbuzi dume mpaka Murangi, na wazee wa ukoo wetu watakuja kuomba radhi, na kama mbuzi hatoshi basi ndama. Akainua kiganja ninyamaze, sio kwa sababu ya mbuzi, ni kwa sababu zile spika zilikuwa zimeanza kuongea tena, na sauti ilikuwa ya mwanamke, na haikuwa ya Nyangeta.

"Jina langu ni Nyakwesi. Mimi ni mtoto wa kwanza wa Mzee Mafuru. Huyu anayeolewa ni mdogo wangu."

Mzee akashika fimbo kwa mikono miwili.

"MC amekosea Kiingereza, mdogo wangu ameshawaeleza. Ila Kiswahili alichosema sio uongo. Nilikuwaga dada wa kazi. Mwanza, miaka sita. Nilienda nimemaliza darasa la saba, mwaka ule nyavu za baba ziliibwa zote ziwani na nyumbani kukawa hakuna namna. Huyu Nyangeta alikuwa hata shule hajaanza. Sare yake ya kwanza nilinunua mimi. Niliporudi nikaingia kwenye dagaa, na sekondari yake yote imetoka kwenye dagaa. Kwetu hatulisemi jambo hili, kwa sababu baba anaona ni aibu yake. Mimi sijawahi kuona ni aibu ya mtu yeyote. Nilinyamaza kwa ajili yake tu, kwa kuwa nampenda."

Dereva aliweka sahani yake juu ya boneti ya basi.

"Kitu kimoja kimeniuma, nikisema na ninyi wakwe zetu msikasirike. MC hajui Kiingereza, haya, hilo ni lake. Ila ninyi hamkusikia Kiingereza. Mlisikia Kiswahili. Mlisikia dada wa kazi, na mkacheka."

Kwenye spika ikasikika karatasi inakunjuliwa.

"Nilikuwa na karatasi ya kusoma, nimeikunja vibaya, nitasema kwa mdomo. Nyangeta, nenda kaishi vizuri na mume wako. Ukiona mazito, njoo. Kwangu kuna kitanda na ni chako. Ni hayo tu."

Hakukuwa na makofi. Vigelegele vilianzia kwenye meza za Murangi, yule shangazi nadhani, kisha vya wanawake wa upande wetu vikafuata, na vya wetu vilikuwa na kilio ndani yake.

Mzee Mafuru aliiegemeza fimbo kwenye dirisha la basi. Akasema, "Alikuwa wa kwanza darasani, yule mtoto. Wa kwanza." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilimtoa mimi mwenyewe mpaka stendi."

"Mzee, shuka turudi ndani," nikasema.

"Mbuzi wako sitaki."

"Sawa."

"Nenda kwenye hiyo spika, useme kama ulivyosema mwanzo. Sauti ile ile. Usiniombe radhi kwa sauti ya kanisani wakati ulinitukana kwa sauti ya mnadani."

Akanipa mkono nimsaidie kushuka. Tulivyoingia naye, watu wakapisha. Alipita meza kuu bila kusimama, akaenda mpaka kwa Nyakwesi, akasimama mbele yake, na Nyakwesi akainuka. Sijui walisemezana nini. Niliona tu yule mzee amelivua lile ua la mzazi wa bibi harusi kifuani kwake mwenyewe, anahangaika na pini, anamfungia yeye.

Na mimi nikaenda kwenye maiki. Nimenadi madume yenye pembe za kutisha, hakuna lililonitisha kama ile maiki. Nikasema kwa sauti yangu yote, mpaka wa barabarani wakasikia, kwamba mimi Magesa niliona neno nisilolijua, nikaambiwa nikaulize, nikajiona mkubwa, na nikamvunjia heshima mtu aliyestahili heshima kuliko wote mle ndani. Nikasema na lile la pili, ambalo mzee hakuniagiza: kwamba hata kama ningekuwa nimetafsiri sawasawa, hata kama angekuwa dada wa kazi leo hii, ule utani nilioutia haukuwa na haki ya kutoka mdomoni mwangu. Halafu nikampa Mama Sabina ile ratiba, nikakaa nyuma kabisa karibu na makreti ya soda. Vipengele vilivyobaki alivitangaza yeye, kwa Kiswahili, na harusi ikaisha vizuri tu, wakala keki, wakacheza, na watu wa Murangi wakaondoka jua bado lipo, wakiimba mpaka kwenye kona.

Wiki mbili baadaye nilienda Murangi na Bwire na wazee wetu wawili. (Mbuzi nilimpeleka hata hivyo, na alipokelewa, maana mzee alisema mbuzi aliyeshafika hana kosa.) Nyakwesi tulimkuta kwenye vichanja anageuza dagaa. Nikamsalimia, nikabaki nimesimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Usije ukafikiri nitakushukuru," akaniambia, mikono bado inafanya kazi. "Wengine hapa wananiambia nimshukuru MC, eti amenitua mzigo. Mzigo ulikuwa wangu, ningeutua siku niliyotaka mimi."

"Ni kweli, dada."

"Lakini baba sasa anasema. Jana amekaa hapo ananiuliza ule mji ulikuwaje, wale watu walikuwaje, nilikuwa nakula nini. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza." Akageuza dagaa wengine. "Kwa hiyo sijui. Chukua ule upande, geuza."

Nikavua koti nikageuza dagaa mpaka mgongo ukaniuma, na hatukuongea tena habari ile, na sikuona vibaya.

Kwa hiyo ndugu zangu, mimi maiki ya harusi sishiki tena, hata anayeoa akiwa ni mwanangu nitamtafutia mtu, na suti nimempa shemeji yangu. Mdomo ninao, mnadani bado naongea na bado ng'ombe namwongezea maziwa ambayo hajawahi kutoa, hilo sijaacha na sitawadanganya. Ila mtu simwongezei kitu. Na neno nisilolijua nauliza. Juzi tu mnunuzi mmoja alinifuata katikati ya mnada na fomu ya mifugo imeandikwa Kiingereza, akanionyesha neno, akataka nimtafsirie pale pale mbele ya watu, na vijana wote wakageuka kunitazama kwa sababu wanaijua stori yangu. Nilimwambia sijui. Nilimwambia kwa maiki, watu wote wakasikia, kisha nikamwonyesha ofisi ya afisa mifugo akaulize, ni ng'ambo tu ya uwanja, na mnada ukaendelea.